Kioo Hakipasuki Chenyewe

Mafundi wenzangu wadogo, mmeniomba niandike niliyoyaona kwenye benchi. Bado sijaamua kama mliniomba kwa mapenzi au mlitaka tu nipate shughuli ya kunizuia nisije dukani kila asubuhi kuwakodolea macho. Vyovyote iwavyo, nimenunua daftari na nimekaa. Kazi nimestaafu, lakini kushuku sijastaafu, kwa hiyo someni mkijua mnasoma maneno ya mtu wa namna hiyo.

Siku yangu ya kwanza kwa Fundi Mbwana, pale Ngamiani mjini Tanga, sikushika bisibisi. Alinipa kigoda akaniambia nikae nisikilize wateja. Alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, miwani yake imeshikiliwa na uzi wa kushonea, na hakuamini kiumbe chochote chenye mdomo. Asubuhi ile aliingia bwana mmoja na televisheni ya chogo, akaapa kwamba imezima yenyewe. Fundi akaitikia kwa adabu, akaandika jina lake, akamuaga vizuri. Bwana yule alipokata kona tu, fundi akafungua mgongo wa televisheni na kuiinamisha, yakadondoka magamba ya uji mkavu na kijiko kidogo cha mtoto.

"Umesikia alivyosema?" akaniuliza. "Yenyewe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa masomo yangu kwa miaka mingi. Fundi Mbwana alisema mteja haleti televisheni, analeta maelezo, na maelezo ndiyo ya kupimwa kwanza. Hata mita yake ya kupimia umeme hakuiamini. Kila asubuhi aliijaribu kwa betri mpya kabla hajaigusisha kwenye bodi ya mtu, na mita ikikosea kidogo aliitazama kwa masikitiko kama mtu aliyemfumania ndugu yake. Mimi nilicheka. Baadaye nikawa nafanya vilevile, na hamkuwa mmezaliwa bado, kwa hiyo msinicheke.

Televisheni bapa zilipoanza kuingia mjini, mzee hakuzipenda. Aliizungusha ya kwanza, akaitazama mbele na nyuma, akauliza kitu kisicho na mgongo kinaficha wapi ubaya wake. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuchoka, na nyaya bapa za televisheni hizo zilikuwa nyembamba mno kwake. Akaniachia mimi benchi, yeye akabaki mlangoni akishuku wapita njia.

Nilijifunza kwa kuharibu, sina aibu kusema. Televisheni ikija ina sauti lakini kioo ni cheusi, mteja atakwambia kioo kimekufa, na fundi mwenye tamaa atakubali haraka, maana mteja akinunua nyingine ile mbovu itabaki dukani. Msikubali. Iwasheni, fungeni madirisha, mulikeni tochi karibu na kioo kwa upande, mchungulie. Mkimwona msomaji wa habari anapita kama kivuli, kioo ni kizima, zilizokufa ni taa zilizo nyuma yake, na hizo hubadilishwa. Picha ikiwa nusu tu, anzeni na nyaya bapa, zichomoeni, zisafisheni, zirudisheni. Mistari ya wima ni habari nyingine. Bonyezeni ukingo polepole kwa kidole, na mstari ukicheza kuna matumaini madogo, lakini msimwambie mteja kwamba ni makubwa. Kioo kikiwa kimepasuka kwa ndani, hata kama kwa nje ni laini kama sahani, mwambieni akanunue nyingine. Kioo kipya kitamgharimu karibu sawa na televisheni nzima, na huo ndio ukweli hata akinuna.

Nyumba za Raskazone, kando ya bahari, zina upepo mzuri na chumvi nyingi. Mwenye nyumba anafurahia upepo, bodi yake inafanya kutu kimyakimya. Halafu kuna mijusi. Mjusi hupenda joto la bodi ya umeme, ataingia kwenye vitundu vya nyuma na kutaga humo, mpaka siku atakapogusisha mkia mahali pasipotakiwa, na hapo wamekwisha wote wawili. Nimetoa mijusi wakavu wengi kuliko niwezavyo kukumbuka, na kila mmoja nilimwonyesha mwenye televisheni, kwa sababu usipomwonyesha atasema umemletea kutoka kwako.

Na wao walitushuku sisi, nisiwafiche. Kuna akina mama waliozitia bodi zao alama ya rangi ya kucha kabla ya kuzileta, ili waone kama tutazibadilisha. Mmoja alitia rangi nyekundu hadi kwenye skrubu. Wengine walikaa dukani tangu asubuhi mpaka televisheni ikamilike, wakitazama mikono yangu bila kupepesa, kisha wakanisimulia habari za fundi wa mtaa mwingine aliyewaibia. Nilijua kwamba kwa fundi huyo wanasimulia habari zangu.

Basi nikafika mahali ambapo sikuhitaji kufungua televisheni ili kujua kwamba mwenye nayo anadanganya. Hivyo ndivyo nilivyojiona. Watu nao wakaniona hivyo, wakaanza kuniita nyumbani kwao si kutengeneza tu, bali kuamua. Nani ameharibu, mtoto au umeme, mpangaji au mwenye nyumba. Nilisema, na likisemwa na fundi lilikuwa limesemwa.

Idrisa alikuwa muuza vipuri vya pikipiki, anakaa Usagara na mkewe Rehema. Televisheni yao ilikuwa zile nyembamba sana ambazo taa zake ziko pembeni, na niliyeifunga ukutani ni mimi, mwaka mmoja kabla ya haya. Alhamisi moja akanipigia simu niende nikaitazame. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, Rehema amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni. Televisheni ilikuwa inawaka. Upande wa juu kushoto, kiganja kimoja hivi kutoka katikati, palikuwa na doa jeusi, na kutoka kwenye doa lile nyufa zimetawanyika kila upande. Nikapitisha kidole, kwa nje hapakuwa na mkwaruzo.

Idrisa ndiye aliyeeleza. Asubuhi waligombana kwa sababu ya simu aliyopigiwa, mke akapaza sauti mpaka jirani akasikia, yeye akaondoka kwenda dukani kwake. Aliporudi mchana akakuta kioo kiko hivyo. Kwa maoni yake mke amerusha rimoti. Rehema alisema walikuwa wanatarajia wageni, akawa anafuta vumbi kwenye kioo kwa kitambaa huku televisheni inaongea, akasikia kitu kimelia ndani, kidogo tu, na picha ikavuja kama wino.

"Nilikuwa nafuta tu." Maneno hayo niliyasikia dukani mara nyingi kuliko salamu. Nikatazama mezani, rimoti ilikuwa pale, haina mfuniko, betri zimefungwa kwa mpira. Niliitazama kama askari anavyotazama panga. Sikukumbuka kwamba hakuna rimoti yenye mfuniko Tanga nzima, na yangu nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Nikamwambia Idrisa kioo hakitengenezeki, nikaondoka, na moyoni nilikuwa nimekwisha kumaliza kesi.

Jumapili yake nikaitwa tena, safari hii kwenye kikao. Baba yake Rehema alikuwa amekuja kutoka Tongoni, Mzee Bakari, mwenye shamba la minazi, mtu mkimya. Upande wa Idrisa walikuwepo mama yake na ami yake. Mimi nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, na nakiri nilijisikia. Wakaeleza kila mmoja kwa zamu yake, lakini hakuna aliyekuwepo siku ile ila Rehema, na Rehema ndiye mshitakiwa. Kwa hiyo macho yote yakanigeukia mimi.

Mzee Bakari akasema, "Mimi binti yangu simjui kwa kurusha vitu. Lakini mimi si fundi. Fundi akisema kimepigwa, naondoka naye leo hii. Akisema hakikupigwa, basi jambo hili lisitajwe tena katika nyumba hii."

Sasa hapo alikuwa amenikabidhi ndoa ya watu. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kuomba bisibisi na nusu saa. Nikasema, "Kimepigwa. Kwa mbele, na kitu kigumu."

Rehema ndipo alipoinua uso. "Fundi, umeifungua?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Lakini mimi nilichomwa, kwamba mwanamke wa kufuta vumbi ananifundisha kazi mbele ya wazee. "Hii haina haja ya kufunguliwa," nikamjibu. "Kioo hakipasuki chenyewe."

Baba yake akamgeukia. "Mama, ulirusha?"

"Sikurusha, baba."

Mzee alitazama mkeka. Kisha akamwambia akakusanye nguo zake. Wakaondoka kabla ya adhuhuri na begi moja. Wali ukaletwa, nikala. Talaka ilifuata wiki ileile.

Miezi haikuwa mingi Idrisa akaoa tena, akaniita kufunga televisheni mpya ukutani. Ile iliyopasuka akanipa niitumie kwa vipuri. Nilipomwona bibi harusi, na jinsi alivyokuwa anajua kila kitu kilipo katika nyumba ile, nikaanza kushuku habari ya ile simu ya asubuhi. Nikajiambia bwana huyu alikuwa anatafuta sababu, na mimi nikampa. Tazameni jinsi kushuku kunavyofanya kazi: nilimshuku mke, nikamshuku mume, hata bibi harusi nikamshuku. Aliyekuwa bado anangoja zamu yake ya kushukiwa ni mmoja, na sikumfikiria.

Ile televisheni ilikaa kwenye kona ya duka, uso umeelekea ukutani, kwa miaka miwili. Siku moja mwalimu mmoja wa Raskazone akaleta ya aina ileile, taa za pembeni zimekufa. Nikasema nitatoa zile za Idrisa. Ili kuzifikia ni lazima ufungue mgongo, utoe bodi, ugeuze, utoe fremu, unyanyue kioo, kisha karatasi nyeupe moja moja, mpaka ufike kwenye bamba nene la plastiki linalosambaza mwanga. Nikanyanyua bamba lile. Upande wake wa nyuma lilikuwa na kovu, kitundu kidogo chenye kingo zilizovimba. Chini yake kulikuwa na karatasi iliyotoboka, na chini ya karatasi, kutoka kwenye bati la nyuma, ilichomoza ncha ya skrubu.

Idrisa alipoishusha televisheni ukutani alikuwa amerudisha zile skrubu nne zilizoishikilia ukutani kwenye matundu yake, zisipotee. Mtu makini. Nikazitoa, nikazilaza mezani. Tatu zilikuwa sawa. Ya nne ilikuwa ndefu kuliko wenzake kwa unene wa kidole.

Mkono ulikumbuka kabla ya kichwa. Siku ya kuifunga, skrubu moja ilikosekana kwenye pakiti, nikatafuta kwenye kopo langu la maziwa, nikapata inayoingia. Mwisho ilikaza kabla haijafika, nikaona ni ubishi wa chuma kipya, nikaongeza nusu mzunguko. Nusu mzunguko huo ulisukuma bamba, na bamba likakaa linasukuma kioo mwaka mzima kwa nyuma. Hapo alipokuja mtu kufuta vumbi, akabonyeza kwa mbele mahali palepale, kioo kikabanwa katikati. Nikapanga kioo juu ya bamba nione. Doa jeusi lilikaa sawasawa juu ya kitundu.

Nilifunga duka mchana ule. Nilikaa ndani nikiwa na ile skrubu mkononi na nikaona aibu ambayo sijaiona tena. Si kwa kukosea, nimekosea mara nyingi. Ni kwa sababu aliniuliza swali la kifundi, swali pekee la kifundi lililoulizwa katika chumba kile, na mimi nikalichukua kuwa tusi. Ndiyo maana hata leo nawaudhi kwa kuwauliza mara mbili mbili kama mmeifungua. Sizeeki vibaya. Nawauliza kwa niaba ya mtu.

Nilianza kwa Idrisa. Akanisikiliza akiwa amesimama nyuma ya kaunta yake, akatazama barabarani, akasema hayo yamepita na nisifukue. Akaniomba nisiyataje mbele ya mkewe. Basi kesho yake nikafunga bamba kwenye gazeti, nikatia skrubu mfukoni, nikaenda Tongoni.

Rehema nilimkuta uani anapanga mikate ya kumimina kwenye sinia, biashara yake ya siku hizi. Aliniamkia, "Shikamoo, fundi," kwa adabu ileile, na hilo lilinichoma kuliko kama angenifukuza. Nikamwomba tusogee pembeni. Nikafungua gazeti, nikamwonyesha kitundu, nikamweleza kwa sauti ya chini tangu kopo la maziwa mpaka nusu mzunguko. Alipitisha kidole chake kwenye lile kovu, mara moja, kisha akanirudishia bamba.

"Fundi, mimi ulinisemea wapi?"

"Usagara. Kwenye kikao."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Basi usininong'oneze," akasema. "Baba yuko barazani. Mwambie yeye. Na upaze sauti, siku hizi sikio lake ni zito."

Nilizunguka mbele ya nyumba. Mzee Bakari alikuwa amekaa na tasbihi yake, na uwanja wa jirani wanaume wawili walikuwa wanafua nazi, mama mmoja anafagia. Nikamsalimia, akaitikia. Hakunikaribisha kukaa. Nikamweleza kwamba kile kioo hakikupigwa, kwamba skrubu ilikuwa ndefu ikakisukuma kwa nyuma, na kwamba binti yake alisema kweli.

Mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Nani alisema nini?"

Nikarudia kwa nguvu zaidi. Mama aliyekuwa anafagia akasimamisha ufagio. Mzee akatikisa kichwa kwamba hapati vizuri. Skrubu ya nani, akauliza. Nikasema yangu. Akainamisha kichwa, kiganja bado kiko sikioni, akaniambia hajasikia. Wale wanaume wawili walikuwa wameacha nazi zao na wanakuja upande wetu, na nyuma yao watu wengine, maana mgeni anayepiga kelele kwenye baraza ya mzee si jambo la kila siku.

Nikavuta pumzi, nikapaza sauti kama mwadhini. "Skrubu yangu mimi, mzee! Binti yako hakurusha kitu. Alikuwa anafuta vumbi kama alivyosema. Niliyepasua kioo ni mimi, na niliyesema uongo mbele yenu ni mimi."

Mzee Bakari akashusha kiganja taratibu, akakiweka juu ya goti.

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza, fundi," akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Nilikuwa nawangoja wale wafike."

Hakuningoja nijibu, alikuwa amekwisha kugeuka kutazama mlangoni, ambako Rehema alikuwa amesimama na unga mikononi.

"Mama," akamwambia, na sasa sauti ilikuwa inamkatika. "Siku ile uliniambia hukurusha. Mimi nikamwamini fundi."

"Najua, baba," akasema Rehema. "Nilikuwepo."